Adabu ya Kushirikiana Msimbo wa Kompyuta

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wanaotumia kompyuta katika kazi zao za kila siku.)



Mnamo tarehe 25 Agosti, 1991, kijana mmoja wa umri wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwaandikia ujumbe mfupi watumiaji wenzake wa kompyuta. Kijana huyo, Linus Torvalds, aliwaarifu kwamba alikuwa akitunga programu ya kuendeshea kompyuta, kwamba angeitoa bure, na kwamba kwake yeye kazi hiyo ilikuwa ni burudani tu. Kisha akawauliza ni mambo gani wangependa yawemo. Programu hiyo ndiyo Linux. Hivi leo ndiyo kiini cha mfumo wa Android unaoendesha simu nyingi za mkononi duniani, na tangu mwezi Novemba, 2017, kompyuta zote zilizomo katika orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko nyingine ulimwenguni huendeshwa nayo.

Mafanikio hayo hayakuletwa na akili ya mtu mmoja. Yaliletwa na maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, wengi wao wasiofahamiana kwa sura, ambao kila mmoja alisoma kazi ya mwenziwe, akaona kasoro, akaisahihisha, na kuirudisha kwa wote. Ni dhahiri kwamba watu wengi namna hiyo hawawezi kufanya kazi pamoja hata kwa mwaka mmoja bila ya kuwa na kanuni za kuheshimiana. Kanuni hizo ndizo mada ya mazungumzo haya.

Kanuni ni nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja. Mtu anayeweka msimbo wake mbele ya wengine, ama kwa kuomba msaada ama kwa kutoa msaada, huwa anaomba vitu viwili visivyouzwa dukani: muda wa mtu asiyemjua, na imani ya mtu asiyemwona. Adabu ni njia ya kuvilinda vitu hivyo viwili. Wanaodhani kwamba adabu hiyo ni pambo tu wataona baadaye jinsi kukosekana kwake kulivyokaribia kuleta msiba kwa kompyuta za dunia nzima.

MSIMBO NI NINI

Msimbo ni maandishi anayoyaandika mtaalamu ili kuiamuru kompyuta ifanye kazi fulani. Huandikwa kwa lugha maalumu ambayo binadamu huweza kuisoma, kisha hugeuzwa kuwa amri ambazo mashine huzifuata. Mtu anayepewa programu bila ya msimbo wake ni kama mtu aliyeletewa sahani ya pilau: aweza kula na kushiba, lakini hawezi kujua viungo vilivyotiwa, wala hawezi kupunguza chumvi. Anayepewa msimbo amepewa na jiko lenyewe.

Jambo hili si la wageni peke yao. Mfumo wa DHIS2, ambao wizara za afya za nchi nyingi, zikiwamo Tanzania na Kenya, huutumia kukusanyia takwimu za zahanati na hospitali, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mfumo wa OpenMRS wa kutunzia kumbukumbu za wagonjwa ulianzishwa mwaka 2004 kutokana na kazi iliyokuwa imeanza katika sehemu za Eldoret, nchini Kenya. Aidha, ni kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi ndipo wataalamu walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoweza, mwaka 2004, kuitoa programu hiyo kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kama msimbo ungefungiwa kabatini, Kiswahili kingengoja hisani ya mwenye ufunguo.

Hivyo basi, mwalimu anayejifunza kutunga programu ya kujumlisha alama, na mtumishi wa takwimu anayerekebisha fomu ya wilaya, wote wawili wamo katika ushirika huu, wapende wasipende. Yafaa waingie kwa mlango wa mbele.

KUULIZA SI UJINGA

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Lakini hawakusema kwamba kila namna ya kuuliza ni sawa. Kila mwalimu wa hesabu amekwisha kukutana na mwanafunzi anayeleta daftari na kusema, “Mwalimu, hesabu imenishinda,” basi. Mwalimu hana budi kuuliza hesabu ipi, ameanzia wapi, amefika wapi. Mwanafunzi mwingine huleta hesabu ileile, njia yote akiwa ameionyesha, na kidole akiwa amekiweka juu ya mstari uliomtatiza. Huyo wa pili husaidiwa kwa dakika moja. Wote wawili hawajui. Tofauti ni kwamba mmoja amebeba sehemu yake ya mzigo.

Chukulia mfano wa mwalimu aliyetunga programu ya kukokotoa wastani wa alama za wanafunzi 45. Siku moja programu inakataa kwenda. Akiwa na haraka, anachukua msimbo wote wa mistari 800 pamoja na orodha ya darasa zima, anautuma kwa watu asiowajua, na kuandika juu yake: “Haifanyi kazi, nisaidieni upesi.” Ni nani atakayesoma mistari 800 ya mtu asiyemjua, baada ya saa za kazi, bila ya kulipwa?

Mwenye adabu hufanya vingine. Kwanza hutafuta kama swali hilo limekwisha kuulizwa na kujibiwa. Pili huupunguza msimbo wake kidogo kidogo, akiondoa kila kisichohusika, mpaka ubaki mfano mdogo kabisa ambao bado unaonyesha kasoro ileile. Pengine itabaki mistari kumi na alama tatu za kubuni: 60, 45, na nafasi moja tupu ya mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani. Tatu hueleza alitarajia nini na amepata nini, na hunakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno bila ya kuufupisha. Nne hutaja anatumia lugha gani ya kompyuta na toleo gani. Tano hueleza amejaribu njia zipi. Na msimbo wenyewe huuleta kama maandishi, si kama picha iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu picha haiwezi kunakiliwa na kujaribiwa. Anayetaka kusaidia atalazimika kuuandika upya herufi kwa herufi.

Ajabu ya kazi hii ya kupunguza ni kwamba mara nyingi muulizaji huiona kasoro mwenyewe kabla ya kutuma. Katika mfano huu, ile nafasi tupu ndiyo iliyokuwa ikiisimamisha programu. Mwalimu aliyefika hapo hahitaji tena kuuliza, na amejifunza zaidi kuliko kama angeletewa jibu.

Akishasaidiwa, deni lake halijaisha. Anapaswa kurudi na kueleza njia ipi ilifaa, ili atakayepatwa na shida hiyo mwakani asianze upya. Swali lililojibiwa lakini likaachwa bila ya hitimisho ni kama jalada ambalo uamuzi wake haukuandikwa.

KIRAKA NI KAMA BARUA YA KIOFISI

Mtu aliyekwisha kuona kasoro katika programu ya wenzake na kuisahihisha huwapelekea sahihisho. Sahihisho hilo waweza kuitwa kiraka, kwa kuwa hushonwa juu ya nguo iliyopo. Wasimamizi wa Linux wameandika kanuni zao za kupokea viraka, na mtumishi yeyote wa umma akizisoma ataona kwamba amekwisha kuzijua tangu siku alipoajiriwa.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kiraka kimoja hubeba jambo moja. Afisa mwenye kufuata taratibu haandiki barua moja yenye kuomba likizo, kudai posho ya safari na kulalamikia paa linalovuja. Barua ya namna hiyo haina jalada la kuingia. Vivyo hivyo, kiraka kinachosahihisha kosa, kubadili majina na kupanga upya mistari kwa wakati mmoja hakiwezi kukaguliwa vizuri, na kikileta hasara hakiwezi kutolewa peke yake.

Kanuni ya pili ni kichwa cha habari. Kila barua ya kiofisi ina mstari wa “Yah:” unaomwambia msomaji jambo lenyewe kabla hajaanza kusoma. Katika Linux mstari wa kwanza wa kiraka hutakiwa usizidi herufi 70 hadi 75, nao ueleze kwa ufupi kinachobadilishwa. Baada ya hapo hufuata maelezo: tatizo lilikuwa nini, linamwathiri nani, na kwa nini njia hii imechaguliwa. Msimbo wenyewe huonyesha kilichofanywa; hauwezi kuonyesha sababu. Mtu atakayekuja baada ya miaka kumi, mtunzi akiwa hayupo, atakuwa na maelezo hayo tu ya kumwongoza.

Kanuni ya tatu ni sahihi. Tangu mwaka 2004 kila anayeleta kiraka katika Linux hutakiwa kuandika mwishoni mstari wa kuthibitisha, kwa jina lake, kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: hakuna ofisi inayopokea mali bila ya kujua imetoka wapi.

Kanuni ya nne ni kufuata desturi za mwenye nyumba. Kila kundi lina namna yake ya kupanga mistari na kuita majina. Linux, kwa mfano, husogeza mistari ya ndani kwa upana wa herufi nane. Makundi mengine hutumia nne au mbili. Mgeni anayevua viatu mlangoni hafanyi hivyo kwa sababu amekwisha kuthibitisha kwamba kuvua ni bora kuliko kuvaa. Huvua kwa kuwa nyumba si yake.

Kanuni ya tano ni subira. Wasimamizi wa Linux humtaka aliyeleta kiraka asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha au kukituma tena. Kunyamaza kwa msimamizi si dharau. Aghalabu ni wingi wa kazi.

SIRI ZA WATU

Liko kosa moja ambalo msamaha hautoshi kulifuta, nalo ni kutoa siri za watu pamoja na msimbo. Watunzi wengi huandika neno la siri la kuingilia katika hifadhi ya taarifa ndani ya msimbo wenyewe, kwa ajili ya urahisi. Siku msimbo unapotolewa hadharani, neno hilo hutoka nao.

Mwezi Oktoba, 2022, kampuni ya magari ya Toyota ilitangaza kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa imewekwa hadharani kwa makosa na kampuni iliyopewa kandarasi. Ndani yake mlikuwamo ufunguo wa kuingilia katika kompyuta yenye taarifa za wateja. Msimbo huo ulikaa wazi tangu Desemba, 2017, hadi Septemba, 2022, karibu miaka mitano, na anwani za barua pepe za wateja 296,019 zikawa hatarini.

Ikiwa hayo yametokea katika kampuni yenye fedha na wataalamu, mtumishi wa zahanati au shule hana sababu ya kujiamini kupita kiasi. Jina la mgonjwa, namba ya simu ya mzazi na alama za mwanafunzi si mali ya mtunzi wa programu, ni amana. Kabla ya kutoa msimbo, majina yote ya kweli yaondolewe na kuwekwa ya kubuni. Wala isidhaniwe kwamba kufuta baada ya kukosea kunatosha. Chombo cha Git, ambacho Torvalds alikitunga mwaka 2005 na ambacho sasa hutumiwa na watunzi wengi duniani, huhifadhi kila toleo lililopita. Kilichofutwa leo bado kimo katika kumbukumbu za jana. Neno la siri lililokwisha kuonekana halifichwi tena. Hubadilishwa, tena siku hiyohiyo.

MALI INA MWENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba msimbo ukionekana hadharani umekuwa mali ya kila mpita njia. La hasha. Kwa sheria za hakimiliki za nchi nyingi, msimbo usio na leseni ni mali ya aliyeuandika, na kuonekana kwake hakumpi mwingine ruhusa ya kuutumia wala kuugawa. Leseni ndiyo inayotoa ruhusa, nayo huwa na masharti. Leseni ya GNU GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1989, humruhusu mtu kutumia, kubadili na kugawa, lakini humtaka anayegawa programu hiyo awape wapokeaji na msimbo pia, kwa ruhusa zilezile. Leseni ya MIT ina masharti machache zaidi, ila hutaka tangazo la mwenye hakimiliki libaki mahali pake.

Hivyo mtoaji mwenye adabu huweka leseni ili wenzake wasibaki wakibahatisha, na mpokeaji mwenye adabu huisoma. Kufuta jina la mtunzi wa kwanza na kuweka lako ni sawa na mwalimu kunakili maandalio ya somo ya mwenziwe na kuyapeleka kwa mkaguzi kama yake. Huenda mkaguzi asigundue, lakini mwenziwe hatampa tena.

Katika miaka hii limezuka jambo jipya. Ziko programu zenye akili ya bandia zinazoweza kuandika msimbo na kutoa maelezo yenye sura ya kitaalamu kwa sekunde chache. Mwaka 2025 Daniel Stenberg, msimamizi wa programu ya curl inayotumiwa kusafirishia taarifa katika mtandao, alilalamika hadharani kuhusu ripoti za namna hiyo: ndefu, zenye lugha safi, zikieleza hatari ambazo hazikuwapo. Aliyetuma alitumia dakika moja; waliopokea walitumia saa nzima kuthibitisha kwamba ni uongo. Kosa hapa si kutumia chombo. Kosa ni kumtwisha mwingine kazi ya kusoma kile ambacho mwenyewe hukukisoma. Anayetuma ndiye anayewajibika kwa kila mstari, awe ameuandika kwa mkono wake au ameandikiwa.

ADABU YA ANAYEPOKEA

Isidhaniwe kwamba adabu ni wajibu wa mgeni peke yake. Mwenyeji naye ana zamu yake. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa ukali wa maneno yake dhidi ya watu walioleta viraka vibaya. Walikuwapo waliomtetea kwa kusema kwamba ukali huo ndio uliolinda ubora wa kazi. Lakini mwezi Septemba, 2018, yeye mwenyewe aliwaomba radhi wenzake, akakiri kwamba mashambulizi yake hayakuwa ya haki wala ya kitaalamu, akapumzika kazini kwa muda ili ajirekebishe. Mwezi huohuo Linux ilipitisha kanuni mpya za mwenendo. Ubora wa programu haukuporomoka.

Walimu wanalifahamu somo hili. Wino mwekundu husahihisha jibu. Hautukani akili ya mwanafunzi. Mkaguzi wa msimbo aseme: “Mstari huu utashindwa iwapo orodha ni tupu.” Asiseme: “Hujui kazi.” Kauli ya kwanza humpa mtu kitu cha kufanya, hali ya pili humpa sababu ya kuondoka, pamoja na viraka vyake vyote ambavyo angevileta baadaye.

NUSU SEKUNDE

Lililo kubwa limebaki. Katika kompyuta nyingi zinazoendeshwa na Linux imo programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana taarifa ili zichukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea, bila ya malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kuleta viraka. Viraka vyake vilikuwa safi, na maneno yake yalikuwa ya upole.

Mwaka 2022 yalianza kuja malalamiko kutoka kwa watu wengine wasiojulikana: kwamba kazi inakwenda polepole mno, kwamba viraka vinakaa muda mrefu bila ya kuangaliwa, kwamba msimamizi hana tena ari na heri ampishe mwingine. Msimamizi alijibu kwa utulivu, akawakumbusha kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Malalamiko hayakukoma. Aliyeonekana kuwa tayari kubeba mzigo alikuwa Jia Tan, na pole pole akakabidhiwa madaraka.

Mwezi Februari, 2024, lilitoka toleo la 5.6.0 la xz, na mwezi uliofuata toleo la 5.6.1. Ndani yake ulikuwa umefichwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwa mbali katika kompyuta za watu. Sehemu ya mlango huo ilifichwa katika mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na sehemu nyingine iliwekwa katika mafurushi ya kugawia tu, bila ya kuonekana katika ghala la msimbo lililo wazi kwa wote. Hatari yake ilipimwa kuwa 10 katika kipimo cha 10.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, ambaye alikuwa akifanya vipimo vya kazi nyingine kabisa. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya SSH kulikuwa kukichelewa kwa muda wa kama nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye chanzo. Kisha aliwaarifu kwanza, kwa faragha, watu wenye dhamana ya usalama, na tarehe 29 Machi, 2024, akatangaza hadharani, akiwa na ushahidi wote: matoleo gani, katika hali gani, kasoro inaonekanaje, na jinsi kila mmoja awezavyo kuhakikisha. Mlango ulizibwa kabla haujaenea katika matoleo ya Linux yanayotumiwa na watu wengi.

Yako mafunzo mawili katika tukio hilo, na yanaonekana kupingana. La kwanza ni kwamba mvamizi alikuwa na maneno mazuri. Viraka vyake vilifuata kanuni. Je, hiyo si hoja ya kwamba adabu haina maana? Sivyo. Inaonyesha kwamba adabu ya ulimi peke yake si adabu. Adabu ya kweli ni kuulinda muda na imani ya mwingine, na mvamizi alikuwa akivinyemelea vyote viwili.

La pili ndilo zito zaidi. Mlango wa siri haukuanza kufunguliwa mwaka 2024 kwa hila za kitaalamu. Ulianza kufunguliwa mwaka 2022, kwa maneno. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wale walalamikaji walikuwa ni kikosi kimoja na mvamizi. Hata hivyo, maneno yao hayakumshtua mtu, kwa sababu yalifanana na maneno ambayo watu wa kawaida huwaambia wasimamizi kila siku. Utovu wa adabu ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba adui aliweza kuuvaa kama kanzu na kupita katikati ya umati. Maelfu waliokuwa wakiinufaisha kazi yao kwa programu ile hawakusema, “Mwacheni mzee apumue,” wala hawakumwuliza kama anahitaji msaada. Chawa havunjwi kwa kidole kimoja, na mwenye kidole kile aliachwa peke yake.

Ni vema pia kulinganisha mwanzo na mwisho wa kisa hicho. Kilianzishwa na watu walioandika malalamiko bila ya mfano, bila ya kiraka na bila ya subira. Kilimalizwa na mtu mmoja aliyeleta taarifa kamili, iliyopimwa, kwa wanaohusika, na kwa utaratibu. Kanuni zilezile ambazo mwalimu wa mistari 800 huziona kuwa usumbufu ndizo zilizoziokoa kompyuta za watu wasio na idadi.

WAJIBU WA ANAYENUFAIKA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shule na ofisi nyingi zimekuwa wageni katika nyumba ya programu huria kwa muda mrefu kuliko siku mbili. Jembe la kushika lipo, wala si lazima liwe la kutunga msimbo. Mtumishi anayekutana na kasoro aweza kuiandika vizuri na kuiripoti, badala ya kunung'unika varandani. Mwalimu wa Kiswahili aweza kutafsiri maelezo ya programu, kwa kuwa programu nyingi bado hazisemi lugha anayoifundisha. Mkuu wa idara aweza kumruhusu fundi wake atumie saa chache za kazi kurudisha masahihisho yaliyofanywa ofisini kwa wale walioitoa programu bure. Na mwalimu wa kompyuta aweza kuwafundisha wanafunzi wake, tangu somo la kwanza, kwamba msimbo huandikwa ili usomwe na binadamu mwingine.

Tena yuko mtu mahali fulani, katika nchi ambayo msomaji huenda asifike, ambaye usiku huu atafungua kompyuta yake baada ya kazi na kukuta ujumbe. Ndani yake mtakuwamo ama mistari kumi iliyoandaliwa vizuri, pamoja na maelezo na shukrani, ama lawama. Mtu huyo hana mshahara wa kumfunga katika kazi hiyo. Kinachomfunga ni imani yake kwamba wanaoitumia wanaithamini. Imani hiyo ikikatika, hakuna mashine itakayoiunga, na nusu sekunde ya siku ile huenda isipate mtu wa kuihesabu.